Koo la Lydia

Kwenye simu ya Elieth picha za sahani tupu zilikuwa nyingi kuliko picha za harusi yake. Sahani ya wali, sahani ya ndizi, bakuli la uji lililokwanguliwa mpaka maua yake ya chini yakaonekana. Kila Lydia alipomaliza kula, mama yake alipiga picha, akaituma kwenye kundi la akina mama wa kanisani na kuandika, "Namshukuru Mungu, leo kamaliza yote." Wenzake waliokuwa wakihangaika na watoto wagumu wa kula walimpongeza na kumuuliza, mwenzetu, siri ni nini? Swali hilo Elieth alilipita kila mara kama hakuliona. Siri yenyewe ilikuwa ni simu hiyo hiyo. Ili apige picha ilibidi kwanza amnyang'anye mtoto, na sahani nyingi katika zile zilipigwa Lydia akiwa analia pembeni.

Tusimwonee lakini. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri pale Chang'ombe mjini Dodoma, awahi gari la wafanyakazi la kwenda Mtumba, ashinde na mafaili ya watu mpaka jioni, akirudi hana ubavu wa kubembeleza mdomo uliofungwa. Lydia alipokuwa na mwaka na nusu aliota meno, akakataa chakula siku tatu mfululizo. Siku ya nne Elieth aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, akawasha katuni ya bata wanaoimba, na mdomo ukafunguka wenyewe. Aliona kama kagundua dawa. Kesho yake akarudia, na keshokutwa, na Anitha, dada wa kazi, naye akafundishwa. Sasa mtoto alikuwa na miaka mitatu na nusu na hakujua kula kwa namna nyingine. Simu ikiwaka, mdomo unafunguka. Simu ikizimwa, mdomo unafungwa, na hata umwekee paja la kuku aliyechinjwa dakika hiyo, anageuza shingo.

Baba yake, Obedi, alilijua hilo na akajitia hamnazo. Mtoto alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa, kila anayembeba anasema huyu mzito. Nani angelalamika?

Mwezi wa sita Obedi alikuwa hashikiki. Ni karani bungeni, na Bunge la bajeti likipamba moto mke humwona mume wake kwa nadra kama mgeni. Mama yake, Bibi Anyesi, kule kijijini upande wa Bahi, alikuwa amempigia mara tatu ndani ya wiki moja akimlilia mjukuu ambaye mara ya mwisho alimwona bado anabebwa mgongoni.

"Nendeni nyie wawili," Obedi alisema. "Wewe likizo unayo. Bajeti ikipita nitawafuata."

Elieth akafunga mizigo. Kabla ya kuondoka alijaza simu katuni arobaini, maana mtandao wa kule aliujua, akajipa moyo kwamba wiki moja itapita tu. Yeye ni Mpare wa Same. Wakwe zake hawakuwahi kumfanyia baya hata moja, na pengine ndiyo maana aliwaogopa. Alitaka waseme kwamba Obedi alioa vizuri.

Walipokelewa Jumamosi kwa vigelegele. Uwele ulikuwa umeshavunwa, masuke yamerundikwa uani, na vumbi la kupura limejaa hewani. Bibi Anyesi alimtwaa mjukuu, akamnusa shingo, akambeba kiunoni akizunguka naye uani kuwaonyesha majirani. Mzee Kefa, baba mkwe, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na zizi. Elieth alipiga goti mbali kidogo, akasema, "Shikamoo baba," akiwa ameinamisha uso kama inavyotakiwa, na mzee akaitikia huku naye akiangalia pembeni. Mkwe na baba mkwe pale kwao hawapayukiani.

Jioni chakula kikaiva. Watoto wa Restuta, wifi yake Elieth, pamoja na wa jirani, walinawa kwenye beseni moja, wakazunguka sinia la ugali wa uwele na bakuli la mlenda, na kazi ikaanza. Pale hakuna kubembelezana. Unayechelewa unakuta chini ya sinia panang'aa. Lydia aliwekewa nafasi katikati ya wenzake, akanyooshewa tonge na binti mdogo wa Restuta. Akalitazama tonge, akamtazama mama yake, na macho yakaanza kutafuta kile kitu. Elieth aliyajua macho hayo. Akainuka haraka, akamega ugali kidogo kwenye kisahani, akamshika mtoto mkono, wakaingia chumbani, akafunga mlango. Bata wakaimba kwa sauti ya chini. Dakika kumi baadaye akatoka na kisahani kitupu.

Kwa watu wale kujifungia ndani na chakula si jambo dogo. Anayekula mlango umefungwa ni mchoyo, au anaona wenzake wachafu, au kuna kitu kibaya anakificha. Jumapili, mchana na jioni, Elieth akafanya hivyo hivyo.

"Wifi," Restuta alimtania wakati wakiosha vyombo, "huko mjini ugali siku hizi mnaula kwa siri?"

Wakacheka. Bibi Anyesi hakucheka. Alisubiri mpaka wamekaa wakichambua karanga, yeye, Restuta na mama wa jirani, ndipo akauliza kwa adabu yote ya mtu anayemwogopa mgeni wake.

"Mama Lydia, mwanangu, chakula chetu kina tatizo? Sema tu usifiche. Tutatafuta kingine."

Hapo ndipo angesema. Ingekuwa dakika moja ya kuona haya, Restuta angecheka mpaka machozi yamtoke, mama mkwe angeguna, na mambo yangekwisha. Lakini wanawake watatu walikuwa wanamtazama, na Elieth aliona jinsi maneno yatakavyosikika: mimi mtoto wangu nimeshindwa kumlisha, analishwa na katuni. Ulimi ukakataa.

"Hapana mama, chakula ni kizuri sana," alisema. "Tatizo ni mtoto. Ana shida ya koo. Huwa anapaliwa. Daktari alisema alishwe mahali penye utulivu."

Hapakuwa na daktari. Neno lilitoka tu, tena likatoka vizuri, na wale wanawake wakaacha karanga.

"Jamani, pole," alisema mama wa jirani.

"Pole mwanangu," alisema Bibi Anyesi, "na sisi tunakuwazia vibaya."

Uongo ule ukapokelewa kwa wema mpaka ukamchoma mwenye nao. Jumatatu asubuhi Bibi Anyesi alichekecha unga mara mbili ili uji uwe laini, akautia asali aliyoifungia kabatini kwa ajili ya ugeni. Mama wa jirani alileta mayai manne ndani ya kibuyu. Watoto walikatazwa kupiga kelele karibu na chumba cha mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ndani akiwatazama bata, amejaza mashavu uji wa asali bila kujua kama ni asali au maji ya mto. Elieth alisikia aibu imemkaa kifuani, mahali pale pale ambapo angeumia kama angemeza jiwe. Akajikaza. Siku tano tu zimebaki, alijiambia.

Jumanne upepo ukaangusha nguzo huko njiani na umeme ukakatika kijiji kizima. Adhuhuri simu ya Elieth ikazima.

Mchana ule Lydia hakula. Jioni hakula. Elieth alimfungia chumbani na kumwimbia wale bata kwa mdomo wake mwenyewe, akapiga makofi, akajifanya bata, mtu mzima na cheo chake wizarani, akichuchumaa na kutikisa makalio. Lydia alimtazama kwa mshangao kidogo, kisha akageukia ukuta. Jumatano asubuhi alinywa maji tu. Kufika saa nne Elieth maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alimweka mtoto magotini pale pale uani, akambana mashavu, akamsukumia kijiko cha uji ndani. Lydia akajinyonganyonga, akakohoa, macho yakamtoka, na uji wote ukarudi, ukamwagika kwenye kanga ya bibi yake aliyekuwa ameinama kumfariji.

Bibi Anyesi hakuitazama kanga. Alimtazama mtoto. Akachukua mpini wa kijiko, akamwambia mjukuu aseme aaa, akachungulia.

"Kimeo," alisema.

Elieth alijua kimeo ni nini. Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo la kila binadamu. Alijua pia kwamba wapo wanaoamini kikirefuka ndicho kinacholeta kikohozi na kutapika na kukataa chakula, na kwamba yupo fundi anayekikata kwa wembe. Manesi kliniki walikuwa wakiwaonya kila mara. Pale Chang'ombe aliwahi kusikia habari za mtoto wa mtaa wa pili aliyekatwa hivyo, akavuja damu mpaka akakimbizwa hospitali akiwa hajitambui.

"Mama," alisema, "tusimharakishe. Tumsubiri Obedi."

"Obedi mwenyewe alikatwa akiwa na miaka miwili," alisema Bibi Anyesi. "Alikuwa hivi hivi, anatapika, kakonda kama fimbo. Alipokatwa akala. Wewe usiogope."

Elieth akanyamaza. Kwake kunyamaza kulikuwa ni kukataa. Kwa mama mkwe, mkwe mwenye adabu akinyamaza amekubali. Akampigia tena na tena Obedi kwa kisimu kidogo cha Restuta kisicho na kioo cha kuguswa, na Obedi, aliyekuwa kikaoni, hakupokea.

Alhamisi asubuhi alipata wazo lililomfurahisha. Kule senta, kwenye duka la Mbwana, kulikuwa na sola ya kuchajia simu. Mtoto bado amelala. Akienda sasa hivi na kurudi na chaji, Lydia atakula, atakula uani mbele ya watu ikibidi, mama ataona hatapiki, na habari ya kimeo itakufa yenyewe bila mtu kusema lolote. Hakumuaga mtu vizuri. Alimwambia tu Restuta kwamba anafika dukani.

Alikaa kwa Mbwana kwenye gunia la chumvi saa mbili nzima akiitazama simu inavyojaa. Ilipofika nusu akaichomoa, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akarudi kwa mwendo wa kukimbia.

Alipozunguka zizi akaona watu uani, akasimama.

Lydia alikuwa amepakatwa na Restuta, mikono imekamatwa. Bibi Anyesi amechuchumaa nyuma, kakishika kichwa cha mjukuu kwa viganja viwili, taratibu, kama anavyoshikwa mtoto anayebatizwa. Mama wa jirani alishika bakuli la maji. Mzee Kefa yuko kwenye kigoda, fimbo magotini. Mbele yao, mgongo ukimwelekea Elieth, aliketi mzee mmoja mwembamba ananawa mikono kwenye beseni kwa sabuni, kidole kimoja kimoja. Huyo alikuwa Mzee Thobias, fundi wa vimeo, aliyefuatwa kwa baiskeli tangu kijiji cha pili. Pembeni yake palikuwa na kitambaa cheupe kimetandazwa, na juu yake kijiko, kichupa cha unga wa dawa, na wembe mpya bado umo kwenye karatasi yake.

Kutoka zizini mpaka pale ni hatua kumi na tano, labda kumi na sita. Mama yeyote angezikimbia. Elieth hakuzikimbia, na hili ndilo jambo ambalo hajamsimulia Obedi mpaka leo.

Alisimama. Aliwaza kwanza Mzee Kefa, kwamba itabidi apaze sauti mbele yake. Akawaza Restuta, atakavyolisimulia jambo hili kila harusi na kila msiba. Akayawaza mayai manne na asali ya kabatini. Akamwona mama mkwe akijua kwamba alidanganywa, yeye na mama wa jirani, wakiwa na karanga mikononi. Halafu akajiambia kwamba yule mzee ni fundi, atachungulia, ataona hakuna kitu, atasema mwenyewe, na yeye Elieth hatakuwa na haja ya kusema. Ngoja achungulie kwanza.

Mzee Thobias akaingiza mpini wa kijiko. Lydia akalia kilio cha kukoroma, kilio cha mtu asiyeweza kufunga mdomo. Mzee akachungulia upande huu, akachungulia upande ule, akakitoa kijiko, akakipangusa. Elieth akasubiri aseme. Mzee hakusema. Alinyoosha mkono, akaanza kuufungua wembe kutoka kwenye karatasi, na mguu wa Elieth bado ulikuwa pale pale ulipokuwa.

"Mama!" Lydia akapiga ukelele. "Mama! Mama!"

Hapo miguu ikamtii.

"Acheni!" alifika akihema, akaangukia magoti kwenye vumbi, akamkumbatia mtoto pamoja na Restuta aliyempakata. "Acheni, nawaomba. Hana kimeo! Haumwi chochote!"

Mzee Kefa akageuza uso. Bibi Anyesi hakukiachia kichwa cha mjukuu.

"Mwanangu, tulia," alisema. "Ni kitu cha mara moja. Wewe mwenyewe ulisema koo."

"Nilidanganya, mama."

Kilio cha Lydia kikashuka.

"Nilidanganya. Koo lake ni zima. Hakuna daktari aliyesema kitu. Ni kwamba..." Akamfuta mtoto machozi. "Ni kwamba hawezi kula bila simu. Tangu mdogo nimemzoesha. Anakula akiangalia katuni. Simu ilizima Jumanne, ndiyo maana hali. Chumbani nilikuwa namwashia simu."

Mama wa jirani, na bakuli lake, alitazama huku na huku kama anayetafuta wa kumweleza vizuri.

"Simu inamlisha?" aliuliza.

"Namlisha mimi. Simu inamfungua mdomo."

Restuta alicheka, cheko moja fupi, kisha akaona uso wa mama yake akalikata. Mzee Thobias alikuwa bado ameushika wembe kwa vidole viwili. Aliurudisha kwenye karatasi yake polepole, maana vitu vyake alivipenda.

"Miaka arobaini nafanya kazi hii," alisema. "Nimeona vimeo vya kila namna. Cha simu sijakiona. Pengine mama unaogopa wembe unatafuta la kusema. Wengi wanafanya hivyo. Mimi sikati bila kujua, na siondoki bila kujua. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini, baba?"

"Unasema simu ikiwaka anakula. Haya. Chakula kipo. Nionyeshe."

Elieth aliifungua ile simu kwenye pindo la kitenge. Akakosea namba za kufungulia mara mbili. Bibi Anyesi alikwisha kunawa. Alileta sinia dogo, ugali wa asubuhi na mlenda, chakula kile kile ambacho Lydia alikikataa siku mbili. Bata wakaanza kuimba pale uani, mbele ya fundi wa vimeo na wembe wake.

Kilio kikakatika katikati. Mabega ya mtoto yakashuka. Macho, ambayo sasa hivi yalikuwa yanamtafuta mama yake, yakamwacha na kuganda kwenye kioo. Bibi Anyesi akafinyanga tonge, akalichovya, akalipeleka mdomoni kwa wasiwasi, na mdomo ukafunguka. Akala. La pili akala. La tatu, la nne, la tano. Mlenda ulimtiririka kidevuni, hakuupangusa. Nzi alitua shavuni, hakumfukuza.

"Anakula kweli!" alisema mama wa jirani kwa furaha.

Bibi Anyesi alikuwa anautazama ule mdomo. Akamega tonge kavu, halikugusa mboga, akalipeleka. Mtoto akalimeza vile vile. Kisha bibi akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye. Alikunja vidole vitatu kama ameshika tonge, vitupu, akavipeleka mdomoni kwa mjukuu wake. Lydia akafungua, akafunga, akatafuna. Akatafuna hewa, taratibu, akameza, akafungua tena kusubiri nyingine.

Restuta aliziba mdomo kwa kanga. Mzee Kefa aliinuka kwenye kigoda, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba anakwenda kuangalia mbuzi, na mbuzi wote walikuwa pale mbele yake zizini. Alimwondolea mkwe wake macho yake, na Elieth aliielewa heshima hiyo ikamuuma kuliko angetukanwa.

"Anashiba lini?" Bibi Anyesi aliuliza.

"Sahani ikiisha, mama."

"Sikuulizi sahani. Yeye. Huwa anasema ameshiba?"

Elieth alijaribu kukumbuka. Alitafuta sauti ya mtoto wake ikisema neno hilo, mezani, kitandani, kwa bibi wa Same, popote. Alikumbuka akisema anataka bata, anataka maji, anataka kwenda chooni. Hilo hakulipata. Wala njaa hakuwahi kumsikia akiitaja.

"Hapana," alisema. "Sijawahi kumsikia."

Mzee Thobias alifunga kitambaa chake, kijiko ndani, kichupa ndani, wembe ndani.

"Mimi nakata vimeo tu," alisema. "Hiki siwezi." Akakataa chai, akapanda nyuma ya baiskeli iliyomleta. Mama wa jirani naye akakumbuka jiko lake. Restuta akaenda kuwaita watoto waliokuwa wamejificha nyuma ya ghala wakichungulia.

Elieth aliizima simu. Lydia akalia kidogo, akachoka, akalala kwenye mkeka na tumbo lake limekaza. Bibi Anyesi alikuwa anaosha sinia kwenye beseni, mgongo ameinama. Elieth akamsogelea, akapiga magoti.

"Nisamehe mama. Nimekudanganya, nimewatia aibu mbele za watu. Mayai ya watu nimekula. Hii tabia ya simu nitaiacha, naapa. Nitaiacha hata leo."

"Ya simu mtajua wewe na mume wako," alisema Bibi Anyesi. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha Elieth. "Mtoto analelewa kwa namna nyingi. Obedi nilimwacha ale na mbwa chombo kimoja ili anyamaze, nikapata nafasi ya kulima. Hilo sikulaumu."

Alikisugua kipande cha ugali kilichogandamana na sinia, kikatoka.

"Lakini nilikuona," alisema.

"Uliniona wapi, mama?"

"Pale zizini. Mzee alikuwa bado ananawa. Mtoto ndiye aliyekuona kwanza, akawa anaangalia huko tu, mimi nikafuata macho yake. Nikakuona umesimama. Nikasema moyoni, mama yake amefika, anaona kila kitu, na hasemi. Basi ameridhia. Ndiyo nikamshika kichwa vizuri."

Elieth hakuwa na pa kuyapeleka macho yake. Kwa hiyo Lydia hakumwona mwishoni, alipopiga ukelele. Alikuwa amemwona tangu mwanzo. Wakati ule wote kijiko kimo kooni, mtoto alikuwa anamtazama yeye.

Bibi Anyesi aliacha kuosha. Mikono yake ilitulia ndani ya maji.

"Nieleze tu nielewe, mwanangu. Ulikuwa mzima, miguu unayo, na ulijua ni uongo. Pale uliposimama, ulikuwa unasubiri nini?"

Pepo za mwezi wa sita zilikuwa zinapeperusha makapi ya uwele, yakiingia kwenye beseni, yakiingia kwenye nywele za mtoto aliyelala.

"Nilikuwa naona aibu, mama," Elieth alisema, na sauti yake haikufika hata kwenye yale maji.